Draiva ya Siri ni Mbuzi Kwenye Gunia

Wafanyabiashara wa kompyuta na simu, ziwe mpya au za mitumba, wana kawaida ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha zao: bei, uwezo na dhamana. Liko swali la nne ambalo wengi hawaliulizi, ingawa ndilo linaloamua mali hiyo itauzika kwa miaka mingapi. Nalo ni hili: draiva yake iko mikononi mwa nani?

Draiva ni programu inayokiwezesha kifaa, kama vile kadi ya picha au printa, kuelewana na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kifaa kisicho na draiva ni sawa na gari lisilo na usukani. Linaweza kung'aa dukani, lakini haliendi popote.

Suala hili sasa linagusa mifuko ya wengi. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa mwenye shehena ya mashine kama hizo, njia mojawapo ya kuzipa uhai ni kuziwekea Linux, ambayo haina ada. Hapo ndipo draiva inapoamua nani atapata faida na nani atabaki na mzigo.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Kerneli yake hutolewa kwa leseni ya GPL, inayomtaka kila anayeisambaza kutoa pia maandishi ya programu ili wengine waweze kuisoma na kuirekebisha. Ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya dunia ya zenye nguvu kuliko zote zinaitumia.

Toleo jipya la kerneli hiyo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, na mpangilio wake wa ndani hubadilika mara kwa mara. Draiva ambayo maandishi yake yamo ndani ya kerneli hurekebishwa papo hapo na yule anayeleta mabadiliko. Draiva ya siri humsubiri mwenye kampuni. Asipojishughulisha, kifaa kizima kisicho na hitilafu yoyote huanza kugoma.

Mfano ulio wazi ni kampuni ya Nvidia ya Marekani. Kwa miaka mingi ilitoa draiva za Linux bila kuonyesha maandishi yake. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitaja hadharani kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Kadi zake za kizazi cha Fermi, zilizoingia sokoni mwaka 2010, ziliachwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2022. Wataalamu wa nje wametengeneza draiva huria iitwayo Nouveau, lakini kwa kadi zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2014 kampuni iliweka kufuli la programu za ndani, na Nouveau ikashindwa kuzipandisha kasi.

Mshindani wake, AMD, alichukua njia nyingine. Baada ya kuinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, alianza mwaka 2007 kutoa nyaraka za kadi zake, na leo draiva yake imo ndani ya kerneli. Intel nayo imefanya vivyo hivyo kwa picha zake.

Wapo watakaosema kwamba siri ni mali, na kwamba kampuni iliyotumia fedha nyingi katika utafiti ina haki ya kuilinda. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna anayeweza kudai kuwa usiri uliifilisi Nvidia, kwani mwaka 2023 thamani yake katika soko la hisa ilivuka dola trilioni 1. Hata hivyo, kampuni hiyo hiyo ilifungua sehemu ya draiva inayoingia kwenye kerneli mwezi Mei 2022, na mwaka 2024 ikatangaza kuifanya sehemu hiyo kuwa njia yake ya kawaida kwa kadi mpya. Programu za juu, ikiwamo CUDA inayowafunga wateja wa akili bandia, zimebaki za siri.

Mwekezaji mdogo ana somo hapo. Kampuni inapofungua kitu, atazame ilichobakiza chini ya kufuli, kwa kuwa huko ndiko iliko faida yake. Na anayenunua bidhaa, si hisa, akumbuke kuwa faida hiyo inaweza kuwa gharama kwake.

Ushauri wa safu hii ni mfupi. Kabla ya kulipia mzigo, chukua mashine moja, iwashe kwa Linux kutoka kwenye flashi, kisha ujaribu picha, sauti na Wi-Fi. Kama vyote vinafanya kazi bila kutafuta draiva pembeni, mali hiyo ina maisha marefu. Kama havifanyi, punguza bei unayotoa kwa kiasi hicho, au mwachie muuzaji mzigo wake. Kwa simu, uliza mtengenezaji ameahidi masasisho hadi mwaka gani, kwani nyingi hutegemea draiva za mtengenezaji wa chipu.

Mfanyabiashara makini hanunui mbuzi kwenye gunia. Hulifungua kwanza.