Anti-Virus haikuwa bifu, acheni kutudanganya

Leo nimejaa nyongo, na nisipoitema hapa sijui nitaitemea wapi.

Juzi kati nilimpelekea mhariri mmoja makala ndefu kuhusu Anti-Virus, ule mkusanyiko wa wana hip hop waliojiita Vinega. Ilipotoka gazetini zilibaki aya sita, na kichwa cha habari kinasema bifu la Sugu na Ruge. Basi! Watu wawili waligombana, wakapatana, hadithi ikaisha. Nikanyamaza, maana kodi ya nyumba haisubiri. Lakini hapa ni kwangu, na hapa nasema ule ni uongo. Tena ni uongo unaotuumiza sisi wa Mbeya na Iringa kuliko mtu mwingine yeyote.

Tukumbushane kidogo. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, au Mr. II kama kaka zetu walivyomjua, alikuwa ameshatoa kanda yake ya Ndani ya Bongo mwaka 1996, enzi ambazo msanii alikuwa anapeleka kazi kwa wasambazaji wa Kariakoo na kupokea walichoamua wao. Oktoba 2010 watu wa Mbeya Mjini wakamchagua kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2011 kandamseto ya Anti-Virus ikaingia mtaani. Na hakuwa peke yake. Alikuwepo Mkoloni wa Wagosi wa Kaya kutoka Tanga, alikuwepo Danny Msimamo, Suma G, Mapacha na wengine. Sasa niambieni, bifu la watu wawili linakusanyaje watu wote hao?

Naomba nieleweke. Ugomvi ulikuwepo. Sugu alikuwa na malalamiko yake dhidi ya Ruge Mutahaba wa Clouds, na Ruge alikuwa na majibu yake. Na ndiyo, baadhi ya mistari ilikuwa matusi ya wazi. Siyatetei. Ukimtukana mtu kwa dakika nne, dakika nne hizo hujajenga hoja. Hapo Vinega walijiroga wenyewe, waliwapa wapinzani wao urahisi wa kusema hawa wana chuki tu.

Lakini ondoa matusi, kinabaki nini? Linabaki swali: nani anaamua wimbo gani usikike Mwanjelwa na Kihesa? Wakati ule waliokuwa na redio iliyosikika nchi nzima ndio hao hao waliokuwa na jukwaa la Fiesta lililozunguka mikoani. Sisi wa Nyanda za Juu kazi yetu ilikuwa moja tu, kununua tiketi na kujaza Uwanja wa Sokoine au wa Samora, tushangilie waliochaguliwa kwa niaba yetu. Kijana wa Mbeya aliyetaka kusikika Mbeya ilibidi kwanza apande basi kilomita zaidi ya 800 kwenda Dar, akapige magoti kwa mtu asiyemjua, ndipo sauti yake irudi nyumbani kwa mawimbi. Huo ndio ugonjwa ambao dawa yake ilitafutwa. Ruge na Sugu walikuwa majina tu kwenye cheti cha daktari.

Nilikuwa shule ya msingi kandamseto ile ilipotoka. Sikuisikia redioni hata siku moja. Niliisikia kwenye simu ya kaka yangu, naye alirushiwa na rafiki yake kwa Bluetooth, na rafiki alijaziwa kwenye memori kadi kwenye kibanda cha stendi. Hakuna promota, hakuna DJ, hakuna aliyemwomba mtu ruhusa. Mtaa wenyewe uligeuka redio. Hiyo ndiyo historia, wadau! Na ndiyo sehemu ambayo mhariri aliikata kwanza.

Kwa nini basi ilizimika? Kwa sababu wakubwa walipopatana hapakubaki kitu cha kusimamia. Hatukuachiwa studio ya pamoja, mfuko wala utaratibu wa kuuza. Hasira ilikuwa nyingi, rasilimali hakuna. Linganisheni na Tamaduni Muzik ya Dar, kina Nikki Mbishi, One the Incredible, Songa na Stereo. Walikuwa na prodyuza wao Duke, wakawa na M Lab, wakauza CD mkono kwa mkono. Au warudieni X Plastaz wa Arusha, walioanza mwaka 1996. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa na lebo ya Ujerumani mwaka 2004. Arusha nayo ni mkoani kama sisi.

Najua kuna atakayesema, "Acha kulia, siku hizi kuna YouTube." Ni kweli mlango umepanuka. Lakini mlango ni wa nani? Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, kuendesha blogu kama hii kulihitaji leseni na ada ya zaidi ya shilingi milioni 2. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza nyimbo zilizopakiwa kwa miaka 12. Nilipokuwa naandika ile makala, viungo vingi vya kupakua kandamseto nilivyovikuta vilikuwa vimeshakufa. Kumbukumbu yetu tumeipanga kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hajawahi hata kutusikia.

Ruge alifariki Februari 2019. Sugu aliupoteza ubunge mwaka 2020. Ukiifanya hadithi hii iwe ya wawili hao, basi imeshafungwa na hatuna la kujifunza. Ukiifanya iwe ya swali lile, bado iko wazi, tena inatuhusu leo asubuhi.

Kwa hiyo wewe uliyeko Uyole, Ilomba, Ipogolo au Mlandege, wewe na wenzako mnaorekodi chumbani kwa kompyuta moja, nawaomba mambo matatu. Andikeni nani alighani, nani alitengeneza mdundo, nani alilipa na lini. Wekeni makubaliano kwenye karatasi kabla hela haijaingia, maana ikishaingia hakuna rafiki. Na tunzeni nakala zenu wenyewe, zaidi ya sehemu moja. Kama una CD ya Anti-Virus kabatini, usiitupe. Hata ikiwa imekwaruzika.

Tusipoandika wenyewe, ataandika mwingine. Na ataandika aya sita.

Nawasilisha.