Daraja la Hatari Lisitupotoshe

Mwanafunzi wangu aliniuliza iwapo bwawa lililowekwa katika "daraja la juu la hatari" li karibu kubomoka. La hasha! Sikumlaumu, kwani lugha ndiyo iliyompotosha.

Aghalabu wahandisi huyapanga mabwawa kwa kukadiria madhara yatakayotokea ukuta ukivunjika, wala si uimara wa ukuta wenyewe. Bwawa imara lililo juu ya mji huwekwa daraja la juu. Bovu lililo juu ya malisho matupu huwekwa la chini.

Tutazame Marekani. Chini ya sheria ya 1954 ya kulinda mabonde ya maji na kuzuia mafuriko, maelfu ya mabwawa ya udongo yalijengwa, mengi yakikadiriwa kudumu miaka 50. Kwa mengi kati ya hayo, muda huo umepita. Fauka ya hayo, nyumba zimejengwa chini ya baadhi yake. Daraja likapanda ilhali ukuta wazeeka tu.

Funzo hilo latuhusu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la kunyunyizia mashamba lilipasuka huko Solai, Nakuru. Zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi chini yake walifariki.

Napendekeza tuseme "daraja la madhara", na hali ya ukuta itajwe kando. Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali mawili: ukuta u hali gani, na ni nani alalaye chini yake? Jibu la swali moja halitoshelezi la pili.