Mbwembwe za Virgil Fox na muziki wa dukani
Na Tatu Mwinyikombo

Virgil Fox, mpiga kinanda Mmarekani aliyefariki mwaka 1980, alikuwa akipanda jukwaani na joho lenye bitana nyekundu, viatu vikimetameta. Muziki wa Bach aliupiga kutoka kichwani, hakuna karatasi ya nota mbele yake, na kati ya kipande na kipande aliwageukia watu akawasimulia wanachokwenda kusikia. Wakosoaji walisema anaivunjia heshima kazi takatifu. Mimi nampenda kwa mbwembwe zizo hizo. Na katika rekodi zake zote, ninayoirudia zaidi ni ile ya 1964 aliyoipigia dukani.

Naam, dukani: Wanamaker, Philadelphia, penye nguo, viatu na manukato. Mwaka 1909 John Wanamaker alinunua kinanda cha mabomba kilichoundwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904. Mabehewa 13 ya treni yalihitajika kukisafirisha. Kilipoanza kulia, Juni 1911, sauti ikaonekana ndogo kwa ukumbi ulio wazi kwa kimo cha ghorofa saba, basi duka likafungua karakana yake lenyewe na kuendelea kuongeza mabomba kwa miaka mingi. Leo yanapita 28,000.

Nimewahi kusimama pale chini, karibu na sanamu ya tai wa shaba ambapo wenyeji walikuwa wakipeana miadi. Sauti nene kabisa unazipata miguuni kwanza, sakafu ikitetemeka, ndipo zifike masikioni. Pembeni yangu mama mmoja aliweka mifuko yake chini. Muuza viatu akaacha kukunja karatasi. Hakuna aliyekata tiketi wala aliyevalia rasmi, na nadhani wengi hawakuwa wamekuja kwa ajili ya muziki. Ndiyo hadhira aliyoitafuta Fox maisha yake yote. Desemba 1970 aliupeleka muziki wa Bach hadi Fillmore East, ukumbi wa roki New York, pamoja na taa za rangi, na vijana wakamshangilia.

Wanaosema duka linaushusha muziki wamkumbuke Marcel Dupré. Tarehe 8 Desemba 1921 Mfaransa huyo aliketi kwenye kinanda hichohicho, akapewa tuni za nyimbo za kale za kanisa, naye akabuni papo hapo muziki wa maisha ya Kristo, tangu dunia ikimngoja hadi ufufuko. Baadaye aliuandika ukawa Symphonie-Passion, na hadi leo hupigwa makanisani. Ulizaliwa katikati ya bidhaa.

Machi 2025 kampuni ya maduka ya Macy's, iliyoingia katika jengo hilo la Wanamaker mwaka 2006, ilifunga duka. Kinanda hakina wasiwasi sana, kwa kuwa ni urithi unaotambuliwa. Hofu yangu ni juu ya watu. Ukumbi ule ukigeuzwa kuwa wa tamasha, wenye viti vya bei na mlinzi mlangoni, mabomba yatabaki lakini yule mama mwenye mifuko hatakuwapo. Wenye jengo wafanye ukarabati wao, wampangishe wampendaye, ila milango ibaki wazi na mchana kinanda kipigwe bure, kama zamani. Na wakitafuta wapigaji, wasiwaogope wenye majoho.