Kuchelewa Kusema kwa Watoto wa Maandalizi: Msaada Usisubiri Skuli

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na hivyo kumpa mtoto nafasi ya kuwa mbele ya mwalimu tangu umri wa miaka 4. Kwa mtoto aliyechelewa kusema, hata hivyo, umri huo si mapema. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huunganisha maneno mawili. Asiyefanya hivyo akisubiri skuli, hupoteza miaka 2 ambayo ubongo wake uko tayari zaidi kupokea lugha.

Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo kama Makangale, Wilaya ya Micheweni, kando ya Msitu wa Ngezi. Kutoka huko hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ni safari ya kukivuka takriban kisiwa kizima. Wataalamu wa tiba ya usemi nao ni wachache Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya msaada itatoka kwa wazee na walimu.

Jambo la kwanza ni kupima masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika, yakiwemo maradhi ya masikio. Mtoto asiyesikia vyema hawezi kuiga asichokisikia.

La pili ni kutofautisha ucheleweshaji na lahaja. Mtoto anayezungumza Kipemba fasaha nyumbani, lakini akasita mbele ya Kiswahili cha darasani, hana tatizo la lugha. Apimwe kwa lugha ya mama yake.

La tatu ni mazoezi ya kila siku, ambayo hayahitaji gharama. Mtoto akisema "maji", mzazi aipanue kauli hiyo: "Unataka maji ya kunywa." Amuulize swali, kisha anyamaze na kumpa muda wa kujibu. Mwalimu aweke kifuu, kijiko na karafuu ndani ya pakacha, watoto wavitoe kimoja kimoja, wavitaje na kueleza matumizi yake. Vitendawili na nyimbo za kupiga makofi hufunza kusikiliza na kupokezana zamu. Kumlazimisha mtoto kurudia neno, au kumcheka, humnyamazisha zaidi.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya mtaalamu. Mtoto anayepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, asiyeitika jina lake, au asiyetamka neno lolote baada ya mwaka mmoja na nusu, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kumwita "mzito" na kumwacha akue hivyo ni kumfungia mlango wa darasa ambao sera imekwisha kuufungua.