Binti Akiomba Kusuka Rasta

Novemba inapokaribia kwisha na watahiniwa wa kidato cha nne wakaweka kalamu chini, nyumba nyingi za Tanzania hupokea ombi moja. Binti aliyezoea kupelekwa kwa kinyozi tangu darasa la kwanza, kila shule zilipokaribia kufunguliwa, sasa hana wa kumkagua kichwa. Kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Nywele zimeanza kushikika. Anamfuata mama jikoni na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, nataka kusuka rasta."

Mama anacheka, anamwambia amsubiri baba. Baba akirudi anasema hataki uhuni nyumbani kwake, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa jirani mambo ni kinyume: binti hajamaliza kuomba, mama amekwisha mpa fedha na kumwambia aende saluni yoyote itakayomsuka haraka. Nyumba hizi mbili zinaonekana kutofautiana sana, lakini zimekosea mahali pamoja. Baba aliyekataa hakukitazama kichwa cha binti yake, na mama aliyeruhusu naye hakukitazama.

Makala haya yanawasihi wazazi waruhusu, lakini kwa kipimo, na kipimo hicho wakisimamie wenyewe. Binti wa miaka 15 au 16 aliye likizo anaweza kusuka rasta nyepesi, zisizokazwa, kwa muda mfupi, mbele ya macho ya mzazi. Mtoto wa shule ya msingi bado hajafikia huko. Nywele za kubandikwa kwa gundi, na dawa ya kulainisha nywele, zisubiri mpaka awe mtu mzima.

Tuanze na hofu ya baba, maana ni hofu ya kweli na haifai kudharauliwa. Anachoogopa ni macho ya wanaume, pamoja na masomo kumponyoka mtoto. Hata hivyo, mzigo wa tamaa ya mtu mzima usitwishwe kichwa cha mtoto. Mwanamume anayemnyemelea binti wa miaka 16 ana kosa lake, binti awe amesuka au amenyoa. Mabinti walionyolewa vipara wamenyemelewa njiani wakienda shule, na wembe wa kinyozi haukuwakinga. Kinachomlinda binti ni mzazi anayeongea naye, anayejua anakokwenda na anayerudi naye. Baba anayegeuza kila ombi la binti kuwa kesi ya uhuni anaufunga mlango huo mwenyewe, na siku binti atakapopata tatizo kubwa kuliko nywele hatajua aanzie wapi kumweleza.

Isitoshe, kuongeza nywele hakukuingia kwetu na marobota ya mitumba. Mwaka 2014 wachunguzi wa mambo ya kale waliokuwa wakifukua makaburi ya Amarna, nchini Misri, walieleza habari za mwanamke aliyezikwa miaka zaidi ya 3,300 iliyopita akiwa na vipande vipatavyo 70 vya nywele za kuongezea vikiwa bado vimefungwa kichwani. Karibu zaidi na nyumbani, morani wa Kimasai hufuga nywele, akazisuka nyuzi nyembamba na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Siku ya eunoto, anapovuka kuingia daraja la juu la ujana, mama yake mzazi ndiye humnyoa. Mila hiyo ina fundisho kwa kila nyumba: nywele za kijana zimekuwa shughuli ya mzazi tangu zamani, na mzazi amekuwa akizishika kwa mikono yake. Hata pwani, mtoto wa kike alikaa chini, kichwa katikati ya magoti ya mama, akapakwa mafuta ya nazi, akachanwa na kusukwa mistari au nywele za uzi huku akisikia mengi ambayo hakuyauliza.

Kwa nyumba za Kiislamu kuna neno zito zaidi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza juu ya binti yake aliyekuwa akiozwa, ambaye nywele zilikuwa zimepukutika kwa maradhi, kama angeweza kumuunganishia nywele nyingine. Jibu lilikuwa la kukataza, tena kwa onyo la laana. Kuhusu nywele za binadamu wanazuoni wengi wameshikilia katazo hilo. Kuhusu nyuzi na sufu ndipo baadhi yao walipotofautiana. Nyumba inayoishi kwa mafundisho hayo ina haki ya kukataa. Ila mzazi akatae kwa kumfundisha binti sababu, kama yule mama alivyopata jibu kwa kuuliza. Kumfokea hakumfundishi dini. Uzi na mistari vimebaki, na msusi hodari wa mistari anaweza kumtoa binti akiwa amependeza kuliko mwenye rasta za kufika kiunoni.

Sasa ni zamu ya mama anayesema, "Mwache mtoto ajipambe, mbona na sisi tulisuka?"

Mama huyo na akae saa moja tu katika saluni ya mtaani wiki moja kabla ya Krismasi. Atamwona binti amekaa kwenye kigoda, wasusi wawili wamemgawana kichwa, mmoja kulia na mwingine kushoto. Rasta zimetundikwa ukutani kwenye msumari, zinachomolewa fungu baada ya fungu. Msusi anatenga nywele chache mno pale panjani, penye malaika laini, anazifunga na fungu la rasta lenye uzito mara kadhaa, kisha anakaza mpaka nyusi za binti zinapanda juu. Machozi yanamlengalenga. "Vumilia," msusi anamwambia, "uzuri gharama." Saa sita baadaye birika linaletwa, ncha za rasta zinachovywa kwenye maji ya moto, taulo limetandazwa mabegani ili asiungue. Usiku hawezi kulaza kichwa kwenye mto. Anameza vidonge vya maumivu, na asubuhi vipele vyeupe vimejipanga kwenye mstari wa paji la uso. Marafiki wanasema amependeza.

Vile vipele ni kilio cha ngozi. Kila unywele una shina lililozama kwenye kitundu chake, na shina likivutwa mchana na usiku ngozi inayolizunguka huvimba. Likiachwa lipumzike mapema, nywele hurudi. Likivutwa miaka nenda miaka rudi, kovu hujaza kile kitundu, na hapo hakuna mafuta wala dawa ya dukani itakayootesha tena. Madaktari wanaujua upara wa namna hii tangu zamani. Mwaka 1907 ulielezwa kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakizivuta nywele zao na kuzifunga kwa nguvu utosini. Hakuna kichwa chenye kinga, kiwe cha Mwafrika au cha mtu wa barafuni.

Takwimu za Afrika nazo zipo. Mwaka 2007 daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Nonhlanhla Khumalo, na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua vichwa vya wanafunzi 1,042 wa shule za Cape Town. Upara wa kuvutwa ulionekana zaidi kwa wasichana wenye nywele zilizowekwa dawa kuliko wenye nywele za asili, na wasichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari ndio walioongoza: asilimia 21.7. Yaani katika kila wasichana watano waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho, mmoja alikwisha anza kupoteza nywele. Hawa ni karibu rika la yule binti wa jikoni. Uchunguzi huo pia unaonyesha kwa nini dawa na rasta havifai kukutana: dawa huulegeza unywele, kisha rasta huuvuta ukiwa umelegea.

Na lile fungu lenyewe limetengenezwa kwa nini? Rasta nyingi ni nyuzi za kiwandani, jamii ya plastiki. Februari 2025 shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitangaza matokeo ya kupima nywele bandia za kusukia aina 10 zilizokuwa zikiuzwa huko. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na aina 9 kati ya 10 zilikuwa na risasi, yale madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Vipimo hivyo havisemi kwamba kila anayesuka ataugua. Lakini vinampa mzazi sababu tosha ya kuuliza binti anavaa nini kichwani wiki nzima, mchana na usiku, na sababu ya kuziloweka rasta kwenye maji yenye siki na kuzisuuza kabla ya kwenda nazo kwa msusi, kama wasusi wengi wazoefu wanavyoshauri ili zisiwashe.

Nywele za binadamu, zile za kushonea ambazo mabinti huziona kwenye simu na kuzililia, zina habari yake. Nyingi hutoka India, ambako mahujaji hunyoa vichwa kwa nadhiri katika hekalu la Tirumala na nywele zao zikauzwa kwa mnada, nyingine hupitia viwanda vya China. Julai 2020 forodha ya Marekani ilitangaza kukamata shehena ya takriban tani 13 za bidhaa za nywele kutoka Xinjiang, nchini China, yenye thamani ya dola 800,000 hivi, kwa kushuku kwamba zilitokana na kazi ya kushurutishwa. Binti mwenye umri wa kuzitamani nywele hizo ana umri wa kuambiwa zilikotoka.

Fedha pia zina neno lake. Katika bajeti ya Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Wanawake wengi walilalamika, na malalamiko hayo yenyewe yalionyesha jinsi nywele zilivyokwisha ingia katika matumizi ya lazima ya nyumba. Mzazi amwonyeshe binti hesabu: pakiti ngapi, ufundi kiasi gani, zitakaa wiki ngapi. Akitaka zaidi ya hapo, achangie kwa kazi ya mikono yake.

Bado kuna jambo linalouma kuliko upara. Wako mabinti ambao hawajawahi kuzijua nywele zao. Walinyolewa utoto wote, na siku waliyoruhusiwa kuzifuga wakazifunika. Hawajui zina mikunjo ya namna gani, zinataka maji kiasi gani, zinachanwa zikiwa kavu au zikiwa na unyevu. Wakiitwa "kipilipili" wanaona wametukanwa, na wanapomtazama mama wanamwona na wigi asubuhi, wigi jioni, wigi hata msibani. Mama asishangae binti akiamini kwamba kichwa cha mwanamke ni kitu cha kufichwa. Kwa hiyo sharti la kwanza kabla ya rasta liwe hili: binti akae na nywele zake mwenyewe miezi miwili au mitatu, aoshe, apake mafuta, achane, asukwe mistari na mama au dada. Baada ya hapo akitaka rasta, atazitaka kama pambo. Hatazikimbilia kama mtu anayejificha.

Masharti mengine yanatekelezeka na hayahitaji elimu ya udaktari. Mama aende na binti saluni na akae naye, kwa kuwa mtoto wa miaka 16 haoni rahisi kumwambia mtu mzima kwamba anamwumiza. Mama amwambie msusi mapema kwamba malaika za panjani na za kisogoni zisiguswe, mafungu ya nywele yawe mapana, rasta ziishie mabegani, na mkono ulegee. Binti akisema inauma, fungu hilo lifumuliwe palepale lisukwe upya. Ushauri huo hutolewa na madaktari wa ngozi wenyewe, na msusi anayejua kazi yake hatakasirika. Baada ya hapo zisifungwe juu kwa kuvutwa kama mkia wa farasi. Zikifika wiki sita, nane zikizidi sana, zitoke, na kichwa kipumzike kabla ya kusuka tena. Baba naye asijitoe kwa kuwa si mambo ya wanaume. Yeye ndiye mara nyingi anayetoa fedha, basi aulize kama mtoto alilala vizuri usiku wa kwanza.

Wiki hizo zikitimia, kazi ya kufumua ifanyike nyumbani, jioni isiyo na haraka. Mama akae kwenye kiti, binti kwenye mkeka, mkasi wa kukatia ncha na chanuo pembeni. Litatoka donge la nywele litakalomshtua binti, na hapo mama amtulize kwa hesabu: mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na zile za wiki sita zilikuwa zimenaswa humo humo kwenye rasta, zipatazo elfu mbili mpaka nne. Kisha ageuze kichwa cha mtoto kuelekea kwenye taa, apitishe kidole taratibu panjani, upande wa kulia na wa kushoto, nyuma ya masikio na kisogoni. Akiona ngozi inang'aa palipokuwa na malaika, rasta zisimame mwaka mzima na binti aonyeshwe kwenye kioo kwa nini. Akikuta malaika zipo zote, aoshe kichwa hicho, akipake mafuta, na binti akianza kuulizia sikukuu ijayo, wakubaliane tarehe.