Tuache Kunung'unika, Tuombe Hesabu: Ukaguzi wa Usawa Chuoni Ni Haki Yetu



Ijumaa moja, baada ya swala, nimekaa nje ya msikiti hapa Malaba, malori yamepiga foleni kama kawaida, simu ikaita. Ni kijana wa mtaa wetu anayesoma chuo kikuu. Chuo sitakitaja. CAT yake ilikuwa imewekwa saa saba mchana, saa ileile ya Ijumaa. Akaenda kuswali. Alipomfuata mhadhiri baadaye, akaambiwa alete barua ya hospitali, ya msikiti haihesabiki. Amepata sufuri.

Akaiweka stori kwa grupu ya WhatsApp. Mnajua yaliyofuata. Watu wakatuma vikatuni vya machozi, mmoja akasema tunabaguliwa, mwingine akasema ni vita dhidi ya Uislamu. Siku ya pili tukarudi kwa mpira. Sufuri ya kijana iko palepale.

Hakuna aliyeuliza swali hata moja la maana. Ni wanafunzi wangapi walikosa CAT hiyo kwa sababu hiyohiyo? Chuo kina kanuni yoyote kuhusu Ijumaa? Tatizo ni mhadhiri mmoja mwenye roho ngumu, ama ni ratiba yenyewe? Bila majibu hayo sisi tuna hasira tu, na hasira haijawahi kubadilisha ratiba.

Kuna njia ya kupata majibu. Inaitwa ukaguzi wa usawa na ujumuishi. Wakaguzi wanaingia chuoni, wanahesabu nani yuko na nani hayuko, wanasoma kanuni, wanakagua ratiba, hosteli, jikoni na langoni, halafu wanakaa na wanafunzi na wafanyakazi na kuwasikiliza. Mwishoni wanaandika ripoti ya kusema hapa kuna pengo, na pengo hili ni la ofisi fulani kuziba.

Kenya si wageni wa jambo hili. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Mwaka 2012 NCIC, ile tume ya uwiano, ilikagua vyuo vikuu vya umma na kutoa ripoti ya makabila ya wafanyakazi. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini tazama ilihesabu nini: kabila.

Sasa simama kwenye safu yetu hapa Malaba siku ya Ijumaa. Kuna Mteso, kuna Mwanga wa kutoka Mumias, kuna Mnubi, kuna Msomali, kuna dereva wa Uganda ameacha lori kwa turnboy akaja kuswali. Ukihesabu kwa kabila, Mteso Mwislamu anaingia kwenye hesabu ya Wateso, na Ijumaa yake haionekani popote. Chuo kinaweza kufaulu ukaguzi wa makabila kwa alama za juu na bado kila muhula kikampa kijana wetu sufuri. Ndiyo maana nasema tuombe ukaguzi unaotazama maisha ya mwanafunzi, usiishie kwenye orodha ya mishahara.

Uulize ratiba ya mitihani inapangwa na nani, na kama anatazama Ijumaa na sikukuu. Uulize kuna mahali pa kuswali na maji ya udhu, ama watu wanaswali chini ya ngazi. Uulize dada aliyevaa hijabu anatendewaje langoni na maabara. Uulize jikoni kunafunguliwa saa ngapi Ramadhani. Uulize mwanafunzi akidhulumiwa anapeleka malalamiko kwa nani, na yakifika yanajibiwa kwa muda gani.

Kisha uulize kuhusu wale ambao hawakufika kabisa. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi na Kisomali walipigwa msasa zaidi kabla ya kupata kitambulisho, mpaka rais alipotangaza Februari 2025 kwamba utaratibu huo umeisha. Bila kitambulisho, mkopo wa HELB unaupataje? Mtu kama huyo haonekani kwenye takwimu za chuo kwa sababu hakuwahi kukanyaga darasani.

Kuna watakaosema tunataka upendeleo. Waambieni wasome Kifungu cha 27 na cha 32 cha Katiba. Pia waambieni hatuko peke yetu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki Waadventista waliokuwa wanalazimishwa masomo siku ya Sabato shuleni. Mwadventista anayewekewa mtihani Jumamosi na Mwislamu anayewekewa saa saba Ijumaa wana kesi moja. Twende pamoja nao, barua iwe na sahihi zao na zetu.

Na twende tukiwa na makaratasi safi. Mnakumbuka kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikubali wasichana wavae hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, na sababu kubwa ilikuwa jinsi ombi lilivyofikishwa mahakamani. Haki inaweza kukwama kwa karatasi tu. Kwa hivyo tuanze na karatasi.

Fanya hivi. Andika barua kwa chuo ukitumia Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Huhitaji kueleza sababu, na kuwasilisha ombi hakuna malipo. Omba kanuni za mitihani, sera ya dini na mavazi, na ripoti ya ukaguzi wowote wa usawa uliofanywa. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unaenda kwa Ombudsman. Sisi wa huku tuna Chuo Kikuu cha Alupe hapa barabara ya Busia kwenda Malaba, chenye hadhi kamili tangu 2022. Sikilaumu kwa lolote. Ni jirani, na jirani ndiye wa kwanza kubishiwa hodi.

Lakini nina onyo. Ukaguzi usiwe orodha ya majina ya Waislamu. Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, watu kwa maelfu walishikwa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuuliza fomu yenye dini yake itaishia mezani kwa nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka imani ya mtu kwenye taarifa nyeti. Basi tudai kujaza kuwe kwa hiari, majina yasiandikwe, na ripoti itoe hesabu tu. Chuo kikisema lazima majina, tukatae na tuseme kwa nini.

Na hili la mwisho litawauma wengine. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Kwa hivyo ukaguzi uanzie kwetu. Chama cha wanafunzi Waislamu chuoni kwako kina dada wangapi kwenye uongozi? Mahali pa wanawake pa kuswali ni chumba cha heshima ama ni stoo yenye pazia? Ndugu wa kiti cha magurudumu anafika kwenye maji ya udhu? Ukivuka mpaka ukapitia Tororo unafika Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza 1988, ambako Wakristo pia wanasoma. Wenzetu walio wengi kule waulizwe maswali yaleyale tunayotaka kuuliza hapa. Tukiogopa kuulizwa, basi tulikuwa tunatafuta zamu yetu ya kudhulumu.

Yule kijana nimemwambia aandike barua ya rufaa kwa mkuu wa idara, na barua ya pili ya kuomba kanuni za mitihani. Ameandika zote mbili na amehifadhi nakala zenye muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zinahesabika.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, chuo chako kiko wapi? Andika barua yako wiki hii, piga picha muhuri, utuletee. Tukiwa na barua kumi zilizojibiwa tutajua mengi kuliko ujumbe elfu moja wa WhatsApp.

Allah atufanye wenye kusimamia haki, yetu na ya wengine. Amin. Wabillahi tawfiq.