Usimuuzie shokapu mteja anayehitaji springi

Wauzaji wenzangu wa spea mtandaoni, hili litawakera baadhi yenu. Mteja akija inboksi na "Hiace yangu inayumba, nitumie shokapu ngumu", usikimbilie kutaja bei. Muulize: inabeba nini? Inayumba ikiwa na mzigo au hata tupu? Nyuma imelala?

Huku Kigoma gari inapakia dagaa Kibirizi mpaka Kasulu, halafu inarudi tupu. Shokapu haibebi uzito jamani, inatuliza springi isiendelee kurukaruka. Nyuma ikilala, ujue springi zimechoka au mzigo umezidi. Akitaka kuongeza springi, mwambie kabla hajalipa: gari ikiwa tupu itadunda, na breki na matairi ni yaleyale, kwa hiyo asiongeze magunia. Na shokapu uza jozi, kushoto na kulia.

Kuna wanaosema sisi tunauza tu, mengine ni ya fundi. Sikubaliani nao. Fundi wengi wanafunga kile kilicholetwa, na kwenye ile gari kuna watu. Bora oda moja ikupite kuliko kumtumia mtu kitu ambacho hakitamsaidia mlimani.